Picha za watoto ukumbini zinatoka mbaya? Tafuta kosa kabla ya kununua lenzi

Kila muhula mashindano ya shule yakianza, simu yangu hujaa picha za watu. Mama mmoja wa Ntinda alinitumia ya bintiye akiruka kuelekea kikapu. Ukuta wa nyuma umetulia, hata nyufa zake unaziona. Mtoto mwenyewe amekuwa moshi wa rangi ya bluu. Chini ya picha ameandika swali ninaloulizwa kuliko yote: "Mwalimu, ninunue lenzi gani?"

Ni swali la haki, ila huja mapema mno. Kati ya picha mbaya ninazoletewa, nyingi zinapona kwa kugeuza gurudumu moja kwenye kamera. Nyingine zinahitaji lenzi kweli, lakini si ile ambayo mzazi tayari ameiwekea akiba. Wengi wanataka lenzi ndefu ya kuvuta, kumbe ukumbini nambari ndogo ya f hutangulia milimita nyingi za kuvuta, na kuomba ruhusa ya kukaa karibu na uwanja hutangulia vyote viwili.

Nambari ya f ni ile iliyoandikwa kwenye uso wa lenzi: 1:1.8, 1:2.8, au 1:3.5-5.6. Ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga mwingi unaingia. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Ya f/1.8 inaingiza karibu mara kumi. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

Kabla ya yote: usifute picha mbaya

Picha mbaya ndiyo shahidi wako. Ifungue, ivute mpaka namba ya jezi ijae kwenye kioo, kisha tazama vitu vitatu: namba yenyewe, mstari uliochorwa sakafuni karibu na miguu ya mtoto, na ukuta au benchi la nyuma.

Mstari ukiwa mkali na namba imeburuzika, mtoto alikuwa mwepesi kuliko shata yako, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga unapopiga picha. Nenda dalili ya kwanza. Kila kitu kikiwa kimeburuzika kuelekea upande mmoja, ni mkono wako uliotikisika, na jibu liko hapo hapo kwenye dalili ya kwanza. Ukuta ukiwa mkali na mtoto pamoja na mstari ulio miguuni pake ni laini, bila kuburuzika, fokasi, yaani mahali kamera inapolenga ukali wa picha, ilienda kwingine, na hiyo ni dalili ya tatu.

Timu moja ya wasichana wa chini ya miaka 14 niliyokuwa nikiipiga picha haikuwa na namba za kuchapisha. Mwalimu wao alizitengeneza kwa utepe mweupe wa karatasi wenye gundi, akaubandika migongoni. Namba saba ya utepe ule, kingo zake zimechanika kidogo, ndiyo ikawa kipimo changu msimu mzima. Nikiweza kuona nyuzi za karatasi kwenye kingo, picha ni nzima. Nisipoziona, kuna kosa la kutafuta.

Dalili ya 1: Picha imecheza, mikono na miguu ni moshi

Sababu ya kawaida kabisa ni kasi ndogo ya shata. Kamera ikiwa kwenye alama ya kijani ya kujiendesha yenyewe, ndani ya ukumbi itachagua 1/60 au 1/125 ya sekunde kwa sababu inaogopa giza. Haijui kwamba mbele yake kuna mtoto anayekimbia. Kwa kikapu, netiboli na voliboli mimi sishuki chini ya 1/500. Mtoto akiruka au akipiga smashi ya badmintoni, napanda hadi 1/800 au 1/1000. Kwa watoto wa miaka saba au minane wanaojifunza kudunda mpira, 1/400 inatosha.

Fanya hivi: geuza gurudumu hadi Tv kwenye Canon, au S kwenye Nikon na Sony, weka 1/500, acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe. Piga picha kumi. Moshi ukiisha, umepata kosa na hujatumia hata shilingi. Picha zikija nyeusi au zimejaa chenga, vile vidoti vidoti kama mchanga, shata umeitibu lakini lenzi imeshindwa kukupa mwanga. Hapo ndipo mazungumzo ya kununua yanapoanza, na tutayafikia.

Sababu ya pili ni kuiamini swichi ya kutuliza mtikisiko, ile inayoandikwa IS au VR ubavuni mwa lenzi. Watu wananiambia, "Lakini lenzi yangu inatuliza." Ndiyo, inatuliza mkono wako. Mtoto haitamtuliza. Kwa 1/500 na lenzi fupi swichi hiyo haina kazi kubwa, na hakuna haja ya kulipia zaidi kwa ajili yake ikiwa kazi yako ni michezo ya ndani.

Sababu ya tatu, ambayo ni nadra, ni mtikisiko wa mkono kwenye lenzi nzito. Zumu, yaani lenzi ya kuvuta, ya 70-200 yenye f/2.8 ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na mkono unachoka kabla ya robo ya pili. Kaa chini, weka kiwiko juu ya goti, au tumia mguu mmoja wa kamera kama waandalizi wanauruhusu.

Dalili ya 2: Picha nyeusi, au imejaa chenga

Hapa macho yanatudanganya. Ukiingia ukumbini mchana unaona kweupe, kwa sababu macho yanazoea. Kamera haizoei. Kumbi nyingi za shule zetu zimeezekwa mabati yenye vipande vichache vya plastiki angavu, na chini yake taa ambazo nusu hazijawaka tangu zifungwe. Saa sita mchana zile plastiki zinashusha mwanga wa kutosha katikati ya uwanja na kuacha pembe kwenye giza. Ikifika saa kumi na moja jioni, huku kwetu karibu na ikweta, jua linashuka haraka na mwanga wa ukumbi unaanguka mbele ya macho yako. Fainali ndiyo huchezwa saa hiyo.

Mfano wa hesabu. Tuseme ukumbi wenu unataka 1/500, f/2.8 na ISO 6400, hali ninayokutana nayo mara nyingi. Ukiwa na lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho tundu linafunga hadi f/5.6. Ili kupata mwanga ule ule lazima ISO ipande hadi 25600, na kamera nyingi za bei nafuu hapo picha inakuwa mchanga. Ukiwa na 50mm ya f/1.8, ISO inashuka hadi karibu 2600. Kamera ile ile, ukumbi ule ule, mtoto yule yule. Ndiyo maana nasema lenzi ndogo ya milimita 50, iliyo nyepesi kama chungwa, inaishinda zumu ndefu ya 75-300 ndani ya jengo.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Lenzi yangu ya kwanza ya michezo ilikuwa hiyo hiyo 75-300, niliyoinunua kwenye arkedi katikati ya Kampala kwa fedha za miezi mitano. Muuzaji aliniambia itafika hadi goli la pili, na kweli ilifika. Ila jioni ya mashindano kila picha ilikuwa ama nyeusi ama moshi, na wazazi walikuwa wananisubiri mlangoni. Lenzi haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya jua.

Basi ukipata picha nyeusi au ya chenga, angalia kwa mpangilio huu. Kwanza, je, ISO ina kikomo? Ndani ya menyu kamera nyingi huwekwa zisipite 1600 au 3200. Inua kikomo hadi 6400 ujaribu. Pili, je, umevuta zumu mpaka mwisho bila sababu? Rudi nyuma kwenye 18 au 24 uone nambari ya f inavyoshuka, kisha sogea wewe. Tatu, je, ulipiga picha nyeusi ukidhani utaing'arisha kwenye kompyuta? Chenga za picha iliyong'arishwa baadaye ni mbaya kuliko za ISO kubwa iliyowekwa sawa tangu mwanzo. Nne, na hapa ndipo lenzi inahukumiwa: ikiwa tundu liko wazi kabisa, ISO iko 6400, shata iko 1/500, na bado picha ni nyeusi, unahitaji lenzi yenye nambari ndogo zaidi. Hakuna mpangilio utakaokuokoa.

Kuna jambo moja ambalo miongozo mingi ya ng'ambo hailigusi. Watoto wetu ni weusi na jezi nyingi ni nyeupe. Kamera ikiona jezi nyeupe imejaa kwenye fremu, inadhani mwanga umezidi na inapunguza, na uso wa mtoto unazama kwenye giza. Mzazi anasema lenzi haina mwanga, kumbe ni kipimo cha kamera kimedanganyika. Ongeza fidia ya mwanga (alama ya +/-) kwa theluthi mbili au hata hatua nzima, kisha vuta picha uangalie mashavu na macho. Pima picha kwa uso, jezi iache. Na ikiwa taa za ukumbi hazibadiliki, weka kila kitu mwenyewe kwenye M baada ya kupima mara moja. Picha zote zitatoka na mwanga mmoja hata rangi za jezi zikibadilishana mbele yako.

Usitumie flashi kuziba pengo hili. Mtoto anayepokea mpira akimulikwa machoni anaweza kuumia, na waandalizi wengi watakutoa nje, kwa haki.

Dalili ya 3: Mtoto ni laini, ukuta ni mkali

Hili ndilo kosa linaloumiza roho, kwa sababu picha inaonekana nzuri kwenye kioo kidogo cha kamera, na ukifika nyumbani unakuta umepiga picha nzuri ya ukuta.

Kosa la kawaida ni pointi za fokasi kuachiwa kamera ichague. Kamera hupenda kitu chenye mistari iliyo wazi: nguzo ya kikapu, wavu wa voliboli, maandishi ya mdhamini ukutani. Chagua pointi moja, ya katikati, na uiweke kifuani kwa mtoto, si usoni. Kifua ni kikubwa, kina namba, na hakiyumbi kama kichwa.

La pili ni aina ya fokasi. Ile inayokamata mara moja na kufunga ni ya picha za harusi. Ya michezo ni ile inayofuata: AI Servo kwenye Canon, AF-C kwenye Nikon na Sony. Shikilia kitufe nusu, mfuate mtoto kwa sekunde moja, kisha piga. Ukipiga ghafla bila kumfuata, hata kamera ya bei kubwa itakosa.

La tatu ni lenzi yenyewe, na ni hapa wengi hawatarajii. Kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) hufanya fokasi tundu likiwa wazi kabisa, hata kama utapiga picha kwa nambari kubwa. Lenzi ya f/5.6 inaupa mfumo wa fokasi mwanga kidogo wa kufanyia kazi, hivyo lenzi inaenda mbele na nyuma ikitafuta. Unaisikia. Lenzi ya f/2.8 au f/1.8 inaona vizuri zaidi gizani, na inakamata. Ila si kila yenye f/1.8 ina mota ya haraka. Canon EF 50mm f/1.8 II ya zamani ina mota ya kelele na ya polepole, na ile ya STM iliyotoka 2015 ni afadhali. Ukiijaribu dukani, elekeza lenzi karibu, kisha mbali, kisha karibu, uhesabu muda kwa sikio.

La nne ni kina kifupi cha fokasi. 85mm kwenye f/1.8, mtoto akiwa mita 5, eneo lililo kali ni kama sentimita 25 tu. Mkono ulionyooka mbele unatoka nje ya eneo hilo. Mtoto akirudi nyuma hadi mita 8, eneo linafika karibu sentimita 60. Ukiona pua ni kali na sikio ni laini, lenzi haina kosa. Funga tundu kidogo hadi f/2.2 au f/2.8 kama mwanga unaruhusu.

La mwisho, na ni nadra, ni lenzi inayokosea kwa kiasi kile kile kila mara, mbele au nyuma. Ipime kwa utulivu: weka kamera mezani, weka betri tano za redio kwa mshazari, fokasi kwenye ya tatu, piga picha kumi tundu likiwa wazi. Ikiwa mara zote kumi betri ya pili ndiyo kali, lenzi na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hazikubaliani. Baadhi ya bodi zina menyu ya kurekebisha. Za bei ya chini mara nyingi hazina. Kama ya kwako haina, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupimia. Usiruhusu mtu akufungulie lenzi kwa bisibisi ya saa juu ya kaunta.

Dalili ya 4: Lenzi mpya haifokasi kabisa, au kamera inaandika kosa

Anza na swichi ya AF na MF ubavuni. Usicheke, nimesafiri hadi Jinja kwa sababu ya swichi hiyo, na niliyemkuta ni mwalimu makini kabisa.

Kisha angalia kama lenzi na bodi zinaelewana. Nikon za D3000 hadi D3500, na D5000 hadi D5600, hazina mota ndani ya bodi. Ukizifunga lenzi iliyoandikwa AF au AF-D, itaingia vizuri, picha itapigika, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kwa michezo hiyo ni sawa na kukosa lenzi. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Kwa Canon, lenzi za EF zina mota zao zote, ila EF-S haziingii kwenye bodi za sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) kama 5D na 6D. Usilazimishe kuizungusha.

Canon ikiandika Err 01, kamera na lenzi hazisikilizani. Nikon ikionyesha FEE, lenzi ina pete ya tundu na haijafungwa kwenye nambari kubwa kabisa. Izungushe hadi 16 au 22 na uifunge. Kwa Err 01, zima kamera, toa lenzi, futa vidoti vya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, rudisha. Kosa likirudi na lenzi hiyo tu, huku lenzi nyingine ikifanya kazi, acha hapo. Ndani ya lenzi kuna utepe mwembamba wa waya ambao huchoka na kukatika, na hilo halitibiki nyumbani.

Dalili ya 5: Picha moja ya njano, inayofuata ya kijani, nyingine ina mistari

Ni taa. Watu wamebadilisha lenzi bure kwa sababu ya dalili hii.

Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za ukumbi hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/500 unakamata kipande tu cha mng'ao: mara juu, mara chini. Hakikisha kwa kupiga picha kumi mfululizo za ukuta mtupu. Rangi zikibadilika bila mtu kusogea, umepata jibu. Kamera nyingi tangu Canon 7D Mark II ya 2014 zina menyu ya kuzuia mpepeso, inayosubiri taa ifike kileleni kabla ya kupiga. Iwashe. Kama huna, 1/100 huondoa tatizo lakini hurudisha moshi, kwa hiyo itumie wakati wa kupeana mikono na kukabidhi vikombe. Kwa kamera zisizo na kioo ndani, mistari ikitokea, zima shata ya kielektroniki utumie ya mitambo.

Umeme ukikatika na jenereta kuwashwa, mzunguko unayumba kadiri jenereta inavyolemewa, na menyu ile haitasaidia sana. Sogea upande wenye plastiki angavu, piga huko. Na taa ya ukumbi inayokoroma au inayotoa harufu ya kuungua usiiguse wala usipande ngazi kuitazama. Mwambie msimamizi aite fundi umeme.

Dalili ya 6: Mtoto ni mdogo mno kwenye picha, au amekatwa kichwa

Sasa ndiyo tunafika kwenye milimita. Nina kanuni ninayoitumia kwa kamera za sensa ndogo, ambazo ndizo wengi wenu mnazo: gawa milimita kwa kumi, upate mita. Kwa umbali huo, kamera ikiwa imesimamishwa wima, fremu yako ina urefu wa kama mita 2.3. Mtoto wa mita moja na nusu akiinua mikono anaenea, na mpira unapata nafasi juu yake.

50mm inakutaka ukae mita 5 kutoka kwa mchezaji. 85mm, mita 8 na nusu. 135mm, kama mita 13. 200mm, mita 20. Kwa sensa kubwa inabidi usogee zaidi: 85mm inataka kama mita 6.

Kwa hiyo usiulize lenzi gani kabla ya kujua utakaa wapi. Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ukiruhusiwa kukaa nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni mwa kikapu, mchezo unaokuja kwako uko kati ya mita 4 na 9, na 50mm pamoja na 85mm zinamaliza kazi. Nusu ya pili ya uwanja iache. Itakuja kwako baada ya mapumziko timu zikibadilishana. Uwanja wa badmintoni ni mita 13.4 kwa 6.1, na 85mm kutoka pembeni inamfikia wa karibu, 135mm wa ng'ambo. Taekwondo na ngumi, 50mm. Ukiwekwa jukwaani kwa watazamaji, kama kule Lugogo kwenye ukumbi wa ndani, usitarajie 50mm ifanye miujiza; huko ndiko 70-200 ya f/2.8 inakostahili gharama yake.

Ukikaa nyuma ya mstari, usikae chini kabisa ya kikapu. Watoto hawawezi kujizuia wakija kwa kasi, na kamera ni chuma. Acha njia.

Na zungumza na kocha mapema. Nafasi ya karibu hupatikana kwa heshima, si kwa ukubwa wa lenzi. Muulize pia kuhusu ruhusa ya wazazi: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa binafsi za mtoto, na uso wake ni mojawapo.

Mpangilio wangu wa kununua, kwa mwenye fedha za kuunga: 50mm f/1.8 kwanza. Itumie muhula mzima. Ikiwa kila mara unajikuta unakata picha nusu ili mtoto aonekane, nunua 85mm f/1.8. Ukianza kulipwa, au ukifungiwa jukwaani kila mara, tafuta 70-200 f/2.8 iliyotumika. Vipande vya kuongeza urefu vinavyofungwa nyuma ya lenzi viache nje ya ukumbi: cha mara 1.4 kinanyang'anya nusu ya mwanga, cha mara 2 kinabakiza robo tu.

Dalili ya 7: Picha zote zina ukungu mweupe hata mchana

Futa kioo cha mbele. Toa kichujio cha bei rahisi ulichofungiwa dukani kama zawadi, piga tena. Mara nyingi yameisha hapo.

Yasipoisha, toa lenzi, fungua tundu, mulika kwa tochi ya simu kwa mshazari. Vumbi dogo halidhuru. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Unyevu wa ziwani unaifurahia sana, na wenzetu wa Entebbe na Jinja wanaijua: lenzi iliyofungiwa miezi mitatu kwenye mkoba wa ngozi kabatini hutoka nayo. Hifadhi lenzi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na pakiti za kunyonya unyevu. Usiianike juani, usiiweke karibu na sigiri, usiizike kwenye mchele.

Lenzi iliyotumika ipime hivyo hivyo kwa tochi kabla ya kutoa fedha. Ukiona hata uzi mmoja, rudisha.

Hapa simama, mpe fundi

Fangasi ikiwa ndani ya vioo. Mafuta yakionekana kwenye vipande vya tundu, au vipande visipofunga. Mlio wa kusaga ukizungusha fokasi. Lenzi iliyoanguka ikawa kali upande mmoja na laini upande mwingine. Lenzi au kamera iliyolowa kwenye boda boda: toa betri mara moja na usijaribu kuiwasha "kuona kama inafanya kazi", maana umeme ndani ya maji ndio unaoimaliza.

Kamera usiifungue kabisa. Ndani ya zenye flashi kuna kapasita inayoshika umeme wa karibu volti 300, na haiishi umeme kwa sababu tu umetoa betri.

Ukiipeleka kwa fundi, nenda na zile picha mbaya kwenye simu na umwonyeshe dalili badala ya kumwambia ugonjwa. Mwombe akutajie gharama kabla hajafungua skrubu ya kwanza. Na kabla hujaiacha mezani kwake, andika namba ya lenzi iliyochapwa karibu na kiungio chake, kisha umwombe aiandike hiyo hiyo kwenye risiti.